Godoro halisemi

Mwanangu, kifungua mimba wangu,

Huku Goma tuko wazima. Baba yako anakohoa kidogo, vumbi la barabara linamwandama, lakini anakula. Mdogo wako anakusalimu, anasema ukijifungua wa kiume umpe jina lake. Nimemwambia asubiri wake.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Ningekupigia, ila mtandao hukatika pale pale penye neno, basi nimechukua daftari. Nimeelewa hivi: shangazi yako wa Liège, Ubelgiji, anataka kuwatumia makatoni matatu ya vitu vya watoto wake, na mume wako hataki. Anasema mtoto wake wa kwanza hatavaa chaguwa, yaani mitumba, atamnunulia kila kitu kipya dukani hapo Lubumbashi hata kwa deni. Na wewe, tumbo la miezi 7, uko katikati yao.

Ukaniuliza mimi! Mimi ninayefungua balo, marobota ya nguo za watoto, soko la Virunga tangu hujaanza shule. Mkwe wangu mwenyewe alipokuja kutusalimu mara ya kwanza, wewe ulikuwa umevaa gauni la chaguwa, na alilisifu. Usimwambie.

Lakini sitaki udhani nitatetea biashara yangu tu. Kuna vitu vya mitumba ambavyo hata nikipewa bure sivipokei. Nguo ukiishika inakueleza maisha yake yote: ilikoraruka, ilikofuliwa vibaya, ilikomwagikiwa. Godoro halisemi. Kiti cha gari hakisemi. Hapo ndipo pa kutoa pesa, au pa kumuuliza shangazi maswali hadi achoke.

Nianze na nguo, maana hapo mimi ndiye mwalimu. Balo ikifunguliwa, wanawake wapya kazini hukimbilia suruali za jinzi za watoto wa miaka 2 na 3. Mkono wangu mimi huzama chini kutafuta vile vidogo kabisa. Mtoto wa mwezi mmoja hatambai wala hachezi mchangani, na nguo inambana kabla haijachakaa. Wiki chache tu, imeshamkataa. Ndiyo maana nguo za mtoto mchanga hunifikia karibu mpya, mara nyingine karatasi ya duka ingali imening'inia, lakini suruali ya miaka 2 inafika imekwisha magotini. Sasa mkwe wangu anataka kukopa pesa kwa ajili ya kitu cha wiki chache? Akitaka kununua kipya, aweke akiba ya viatu mtoto atakapoanza kutembea. Kiatu kilichokanyagwa na mguu mwingine kimeshika umbo la mguu huo.

Makatoni yakifika, shika kila nguo hivi. Ingiza vidole viwili shingoni uvute. Lastiki isiporudi, hicho ni kitambaa cha kufutia meza. Vuta kila kifungo kana kwamba unataka kukiiba, na kinacholegea king'oe, la sivyo kitaishia mdomoni mwa mtoto. Kamba za kofia na za shingoni kata zote, hata kama nguo itapoteza uzuri. Kisha pindua soksi na nguo za miguu ndani nje. Uzi mrefu uliolegea humo hujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukikaza mpaka kinavimba, naye analia usiku kucha, ninyi mnampa maziwa, mnamchunguza masikio, hakuna anayefikiria kumvua soksi. Mjukuu wa jirani yetu alipatwa na hilo. Kidole kilipona, lakini alama ipo.

Loweka usiku mmoja, fua kwa maji ya moto, suuza hadi harufu ya kufungiwa itoke, anika juani, na piga pasi pande zote mbili. Pasi hiyo si ya urembo. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa nje, na funza wake huingia kwenye ngozi; moto wa pasi unayaua mayai. Na kwa kuwa utajifungua Juni, katikati ya baridi ya huko kwenu, tenga nguo nzito juu, nyepesi chini. Mama mkwe wako akisema ni mwiko kukusanya vitu kabla ya kuzaa, usibishane naye. Fua, kunja, peleka kwa jirani vikakae huko. Hata mimi nilifanya hivyo.

Sasa kitanda.

Kitanda chako cha kwanza kilikuwa kipya kabisa. Baba yako alikilipia kwa seremala wa mtaa wa Birere kidogo kidogo, na siku alipokileta alikibeba kichwani mwenyewe, alikataa kukipakia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, kisije kikakwaruzwa. Ulizaliwa Agosti 2001. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikapasuka, lava ikashuka katikati ya mji mpaka ziwani. Nilikufunga mgongoni kwa kikwembe, kile kitenge cha bibi yako, baba yako akashika sufuria na cheti cha ndoa, sijui hadi leo kwa nini sufuria, tukavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, tukisukumana na mji mzima. Tuliporudi, mahali pa nyumba yetu palikuwa mwamba mweusi, na ukisimama juu yake viatu vilikuwa vinapata moto. Kitanda kiko chini pale. Nyumba ya watu wengine imejengwa juu yake.

Kwa hiyo mdogo wako alipozaliwa hatukuwa na pesa ya kitanda. Mtu mwema akatupa cha kwake, kimetoka Ulaya, chenye ubavu mmoja wa kushusha na kupandisha ili mama asiiname sana. Nilikiona kama kitanda cha waziri. Skrubu moja ilikuwa imepotea, baba yako akafunga waya. Usiku mmoja nikasikia sauti kama ya mwanambuzi, fupi, ikakatika. Nikawasha tochi. Ubavu ulikuwa umeachia upande mmoja, mtoto ameteleza akaingia kati ya mbao na godoro, miguu nje, kidevu kimekwama. Nilimtoa, akakohoa, akanyonya, akalala. Mimi sikulala. Asubuhi kitanda kile kilipika maharagwe.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba Marekani ilipiga marufuku kuuza vitanda vya ubavu unaoshuka mwaka 2011, kwa sababu watoto walikuwa wamekufa kwa namna ile ile. Mtu aliyetupa hakujua, wala sisi hatukujua. Lakini wewe sasa unajua. Kitanda cha shangazi kikiwa cha namna hiyo, hata kiwe kinang'aa, mshukuru na ukiache Liège. Kikiwa na mbavu zisizosogea, hesabu skrubu zote na uziweke za kwake, si waya wala kamba. Pima nafasi kati ya mbao na mbao: isizidi sentimita 6. Huna rula? Chukua kopo la soda. Likipita, kichwa kitakwama siku moja. Kama rangi ni ya zamani na inabanduka, kikatae pia, maana rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na mtoto akiota meno atatafuna ukingo. Mimi ningeona bora umpe kazi seremala hapo Lubumbashi: mbao zilizopigwa msasa vizuri, bila rangi yoyote.

Godoro nunua jipya, sina mjadala hapo. Mwaka 2002 ulitoka utafiti wa Uskoti uliokuta kwamba watoto waliolala kwenye godoro lililotumiwa na mtoto mwingine, hasa lililotoka nyumba nyingine, walikuwa katika hatari zaidi ya kufa ghafla usingizini. Wenyewe hawakusema kwamba wamethibitisha godoro ndilo linaloua. Lakini mimi nimeona magodoro yakichanwa, najua mkojo na maziwa ya miaka vinakokwenda: vinaingia ndani, juu panafuliwa pananukia. Chagua gumu, ukilikandamiza kwa kiganja lirudi mara moja. Lienee kitandani pasipate nafasi ya kuingiza vidole viwili pembeni. Usiweke mto wala mablanketi mengi. Na umlaze chali. Sisi tulifundishwa kuwalaza kifudifudi, wewe ulilala hivyo miezi yote, na nikikumbuka ninashika kifua.

Kiti cha gari ndicho kilichowagombanisha, nimeelewa. Mume wako ana gari na barabara za migodini zina malori, hivyo kiti mtahitaji. Hapa nitawashangaza wote wawili: cha shangazi kipokeeni, lakini si bila kumhoji. Alikinunua mwenyewe kikiwa kipya mwaka 2021 kwa ajili ya yule wa mwisho? Gari lake liligongwa hata mara moja, hata kidogo? Kilikaa wapi tangu hapo, juani au kabatini? Kiti kilichopata ajali kinaweza kuwa kimepasuka ndani, na kitambaa kikafunika kila kitu. Mwambie akigeuze akupigie picha ya chini: kuna tarehe ya kutengenezwa, mara nyingi imechorwa kama saa ndogo kwenye plastiki, na kuna kibandiko chenye herufi E ndani ya duara na namba ya sheria, R44 au R129. Watengenezaji wengi huvipa viti vyao kati ya miaka 6 na 10, baada ya hapo plastiki na mikanda haviaminiki. Cha yule mkubwa, aliyezaliwa 2010, hata asikifungashe.

Shangazi namjua, atakuambia ukweli hata ukimuudhi. Muuzaji wa barabarani hajui kiti kimetoka kwenye gari gani, na akijua hatakwambia. Vivyo hivyo vile viti vinavyokuja ndani ya magari ya mitumba: gari lenyewe hamjui liligongwa wapi, sembuse kiti. Kama cha shangazi hakifai, basi hapo mkwe wangu akope, na mimi nitamchangia. Kifungwe siti ya nyuma, mtoto akitazama nyuma ya gari, zaidi ya mwaka mzima. Kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa. Ukifumuka utampiga mtoto kichwani.

Pusete, kile kigari cha kumsukumia mtoto? Mwanangu. Mwaka juzi mteja wangu mmoja aliletewa pusete nzuri ya magurudumu matatu. Unazijua njia zetu, mawe ya lava yanakata hata matairi ya pikipiki. Wiki ya tatu nilikutana nayo ikitoka ziwani, imebeba bidoni mbili za maji, mtoto yuko mgongoni kwa mama, na kijana wa chukudu anawapita akicheka. Kwenu kuna lami, siwezi kukuzuia, lakini ukipewa jaribu breki kwenye mteremko ukiwa umeweka gunia la unga ndani, na uone kama inajikunja yenyewe ukiitikisa. Ile ya kumsimamisha mtoto asiyejua kutembea, yenye magurudumu chini, usiipokee hata mpya. Canada imekataza kuiuza tangu 2004, watoto walikuwa wanaporomoka nayo ngazini.

Mengine ni madogo. Beseni la kuogea, mashuka, midoli ya mbao isiyobanduka, pokea tu, osha. Biberoni, zile chupa za maziwa, za zamani tupa: Ulaya yenyewe ilikataza zile zenye kemikali ya BPA mwaka 2011, na za yule mkubwa ni za kabla ya hapo. Chuchu za mpira ziwe mpya siku zote. Mashine ya kukamulia maziwa aliyotumia mwingine acha, maziwa yanaweza kuingia mahali ambapo maji ya moto hayafiki. Wewe nyonyesha, miezi 6 bila hata maji, kama mnavyoambiwa kwenye CPN, kliniki ya wajawazito. Chandarua utakachopewa huko ndicho cha mtoto, usitumie kile chetu ulichoondoka nacho. Dawa yake ni ya miaka kama mitatu, nacho kina sita.

Mkwe wangu usimshinde mbele ya watu. Mwachie godoro na seremala, vipya vyote viwili, na akae avisimulie kwa ndugu zake. Makatoni yafunguliwe chumbani.

Nimempa mtu anayekuja huko kifurushi. Kuna vigauni kumi na viwili, nimevipiga pasi mwenyewe kwa pasi ya makaa, kimoja kina alama ya kahawa mgongoni, ni mimi. Chini kabisa kuna kikwembe cha bibi yako. Kimepauka, na pindo moja limeliwa; ni wewe uliyekuwa ukilitafuna njia nzima ya Gisenyi. Usilishone.

Kisha uniandikie kuhusu lile kopo la soda, kama limepita.

Mama yako