Kwa vijana wetu mnaohamisha familia kwenda Fort McMurray

Wanangu wa Toronto, Ottawa na Winnipeg, pamoja na wake zenu, ambao ndio nimewakusudia zaidi:

Salamu kutoka Edmonton, mji mkuu wa mkoa wa Alberta hapa Kanada. Najua wengi wenu mmepata kazi kwenye mafuta ya kaskazini mwa Alberta, au mnasubiri kuitwa: kuendesha malori, kufunga majukwaa ya mafundi, kusafisha matangi, kupika kambini. Siwakatazi kwenda. Ni kazi ya halali na mshahara wake ni wa kweli. Nawasihi jambo moja tu. Usimpeleke mkeo na watoto Fort McMurray, mji ulio katikati ya mafuta hayo, kabla hujajua kwa uhakika kama kazi yako itakurudisha nyumbani kila siku au itakulaza kambini. Ikiwa ni ya kambini, familia ibaki Edmonton, au ibaki hukohuko mliko.

Nieleze kwa nini, maana mtu akisikia "Fort McMurray" hudhani visima viko nyuma ya nyumba. Mafuta yale si kama ya Ghuba. Ni mchanga ulioshikana na lami. Ulio karibu na uso wa ardhi huchimbwa kwenye migodi ya wazi, na migodi ya zamani zaidi iko yapata kilomita 30 au 40 kutoka mjini. Huko mabasi hubeba wafanyakazi alfajiri na kuwarudisha jioni. Lakini lami iliyo nyingi iko chini sana, haifikiwi kwa koleo. Hushushiwa mvuke wa moto mpaka ilainike, kisha huvutwa juu kwa mabomba. Vituo hivyo vimetawanyika msituni, na mwajiriwa wake kwa kawaida hulala kambini wiki moja au mbili mfululizo, mara nyingine zaidi, ndipo apewe mapumziko. Kwa hiyo mwajiri akikuambia "kazi iko Fort McMurray", bado hajakwambia lolote. Muulize jina la kituo, umbali wake, zamu zake, na kama kuna basi la kurudi mjini. Ukitakiwa kupanda ndege ya kampuni kutoka Edmonton au Calgary hadi kiwanja cha kambini, jua kwamba nyumba ya kupanga mjini Fort McMurray haikusogezi karibu na watoto hata hatua moja.

Sasa mfikirieni mama aliyeachwa katika nyumba hiyo. Mwezi wa Desemba jua huchomoza kama saa tatu asubuhi na kutua kabla ya saa kumi jioni. Baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri ni ya kawaida, na zipo siku zinazofika 40. Gari halipatani na baridi hiyo: injini huchomekwa waya wa umeme usiku kucha ili asubuhi iwake. Yeye ana mtoto wa shule na mwingine mchanga mgongoni, hana leseni, hana shangazi wala jirani anayesema lugha yake, na mumewe yuko msituni mpaka wiki ijayo. Baridi haimwumizi mtu kwa ukali wake peke yake, kwa sababu koti na buti nzuri huitosha. Kinachoumiza ni kufungiwa ndani. Nimewasikiliza akina mama waliopitia hali hiyo, na wengi walianza kulaumiana na waume zao kwa simu juu ya mambo madogo, wakati jambo lenyewe lilikuwa upweke. Ndoa imara zimetetereka hivyo, pasipo mtu kukosea.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya kumnunulia mkeo koti, mlipie mafunzo ya udereva. Apate leseni kabla ya Oktoba, ajifunze kuendesha kwenye barafu ungali upo nyumbani. Atafutiwe pia kazi au masomo yake mwenyewe. Mjini kuna Chuo cha Keyano, na hospitali na nyumba za malezi ya watoto huhitaji watu. Ninyi mliotoka Kongo na Burundi, ambao watoto wenu wamesoma kwa Kifaransa, kuna shule ya Kifaransa iitwayo École Boréal. Waislamu mtakuta msikiti, na makanisa ni mengi. Familia ikiwa mjini na baba anarudi kila jioni, Fort McMurray ni mahali pazuri pa kulea watoto, nalisema bila kusita. Kiangazi jua hukaa zaidi ya saa 17, watoto hucheza nje mpaka unachoka kuwaita.

Watazameni watu wa Newfoundland, kisiwa cha mashariki mwa Kanada. Uvuvi wao wa samaki aina ya chewa ulipofungwa mwaka 1992, wengi walikwenda kwenye mafuta ya Alberta. Wapo waliohamia kabisa na familia zao, na wapo ambao hadi leo huvuka bara zima kwa ndege kila baada ya zamu. Wenye busara kati yao walikubaliana na wake zao tangu mwanzo maisha yatakuwaje. Nanyi kaeni chini, mke na mume, mkubaliane hivyo kabla ya kusaini mkataba wa nyumba.

Juu ya fedha nitakuwa mkali kidogo. Mshahara wa kaskazini hunona kwa sababu ya ovataimu, na ovataimu huja na kwenda. Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta lilizidi dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilikuwa chini ya 30, na maelfu ya watu walikuwa wamepunguzwa kazi huku mikopo ya nyumba ikiwadai palepale. Hata malori makubwa ya migodini, yale ya kubeba karibu tani 400, sasa mengi yanajiendesha bila dereva. Basi panga kodi ya nyumba, chakula na kile unachotuma nyumbani kwa kutumia mshahara wa saa za kawaida tu. Ovataimu yote iende akiba. Waambieni wazee huko Mombasa, Kigoma na Bukavu kiasi ambacho mnaweza kutuma kila mwezi, hata mwezi mbaya, wala msiwatajie mshahara wa mwezi mmoja ulionona. Wakishazoea kiwango cha juu, siku kikishuka watadhani mmewatupa.

Na jihadharini na wanaouza nafasi za kazi. Sheria ya Alberta inakataza wakala kumtoza mtafuta kazi fedha ili ampatie kazi. Anayekuambia tuma dola kadhaa ili jina lako lipelekwe juu, mkatie simu. Cheti cha kujikinga na H2S, gesi ya sumu inayopatikana kwenye mafuta, ni kitu kingine. Hicho utakihitaji kweli, na ukisomee kwa makini. Gesi ile hunuka kama yai viza, ila ikizidi huua uwezo wa kunusa. Harufu ikipotea ghafla usidhani hatari imepita. Kipimo cha dawa za kulevya nacho kipo, na bangi kuwa halali Kanada hakutakusaidia kama kampuni imeikataza.

Jambo la moto msilipuuze. Tarehe 3 Mei 2016 mji mzima uliamriwa kuhama, watu wapatao 88,000, na majengo kama 2,400 yakateketea. Barabara kuu ya kuelekea kusini ni moja tu, namba 63, kilomita 430 na ushee hadi kwetu. Mwaka 2020 mafuriko yalilikumba eneo la chini la mji, na Mei 2024 zaidi ya watu 6,000 walihamishwa tena kwa moto. Anayepanga nyumba akate bima ya mpangaji, kwa kuwa bima ya mwenye nyumba haigusi vitu vyako. Pasipoti, karatasi za uhamiaji na vyeti vya kuzaliwa vikae katika begi moja ambalo mama analijua. Kuanzia Aprili, tangi la gari lisishuke chini ya nusu. Nasema haya hasa kwa sababu siku moto ukija, baba anaweza kuwa kambini.

Kadi zenu za afya za Ontario au Manitoba zitawahudumia kwa muda mfupi tu baada ya kuhama, basi jiandikisheni Alberta wiki ya kwanza. Mkiahirisha, mtajikuta hospitalini na mtoto mwenye homa bila kadi ya mkoa wowote.

Mnaokuja kabla ya majira ya baridi, piteni Edmonton kwanza, msiunganishe safari moja kwa moja. Mama yenu hapa hukusanya makoti, buti na suruali za theluji ambazo watoto wa jamaa zetu zimewabana, na nyingi bado ni nzima kabisa. Njooni na watoto wavipime, mle chakula, mlale. Asubuhi tutakaa na mkataba wako mezani, tuusome pamoja, mkeo akiwepo.

Mzee wenu,
Edmonton