Heri ya Yomari Punhi, wapendwa

Yomari Punhiya bhintuna kwenu nyote! Hiyo ndo salamu wanayopeana Wanewar wa bonde la Kathmandu kule Nepal usiku wa mwezi mpevu wa Thinla, mwezi wa pili wa kalenda yao ya Nepal Sambat iliyoanza kuhesabiwa mwaka 879, na kwa kalenda yetu mara nyingi unaangukia Disemba. Nawatumia ndugu na marafiki wa Muscat, Doha, Dubai, nyumbani Unguja na Mombasa, na nyie wa Ulaya mnaotetemeka saa hizi, maana hii ni sikukuu ya baridi na ya chakula cha moto.

Nimeijua kupitia mdogo wangu mmoja wa Bhaktapur, mji wa bonde hilohilo, tunayeishi naye nyumba moja hapa Muscat, yeye ananiita didi, yaani dada mkubwa, na kila msimu huu ukifika jikoni kwetu hapakaliki, ufuta unakaangwa, sukari guru inayeyuka, unga wa mchele uko mpaka kwenye nywele. Yomari ndo hizo andazi zao za mvuke, ganda jeupe la unga wa mchele, ndani chaku, ile sukari guru yao nyeusi nzito inayopikwa kwa maji ya miwa, imechanganywa na ufuta. Umbo lake tumbo limejaa afu linaishia na mkia mrefu mwembamba, wenyewe wanasema kama samaki.

Sasa msikie kwa nini zinapikwa mwezi huu. Mpunga kule unapandwa kwenye matope wakati wa mvua, Juni na Julai, unavunwa kwenye Oktoba na Novemba, kwa hiyo Thinla ikiingia mavuno yameshakaushwa na yako ghalani. Wakulima wa Kinewar, wanaitwa Jyapu, wamemaliza kazi nzito ya mwaka, na kabla hawajaanza kuula huo mchele mpya kwa raha zao wanausaga, wanapika yomari, na zile za kwanza haziliwi. Narudia, haziliwi! Zinapelekwa ghalani, zinawekwa juu ya nafaka, anashukuriwa Annapurna, mungu wao wa kike wa chakula, na zinakaa humo siku 4 ndo zinatolewa zigawiwe nyumba nzima. Wengine wanafinyanga na sanamu ndogo za unga huohuo, za miungu yao Ganesh, Lakshmi na Kubera mungu wa utajiri, nazo zinapikwa na kukaa pamoja na nyingine.

Hadithi yake inatokea Panauti, mji wa zamani kusini-mashariki mwa Kathmandu. Wanasema walikuwepo mume na mke wakulima, Suchandra na Krita, walipata mchele mpya wakaujaribu kuufinyanga hivi na kuugawia majirani, kila aliyeonja akapenda. Akaja mtu wasiyemjua, wakampa naye, kumbe ni Kubera mwenyewe kajibadilisha. Akawabariki, akawaambia kila mwezi mpevu wa msimu huu waweke yomari ghalani na hawatapungukiwa. Mimi ninachokipenda hapo ni kwamba baraka ilikuja baada ya kugawa, walikuwa wameshagawa mtaa mzima kabla hata hawajajua mgeni ni nani.

Na kugawa kwenyewe bado kupo. Jioni ya leo watoto wa miji ya bondeni, Patan, Bhaktapur, Kirtipur, Thimi, wanapita mlango kwa mlango wanaimba wakidai yomari, na mama wa nyumba anatakiwa awe na za kutoa. Mtoto naye akitimiza miaka 2, 4, 6 hivyo mpaka 12, anavalishwa shada la yomari shingoni siku ya kuzaliwa. Jamani, shada la chakula! Nilipoonyeshwa picha nilibaki nimetabasamu tu.

Haya, jikoni. Chukua unga wa mchele uliosagwa laini kabisa, mimina maji ya moto sana kidogokidogo huku unakoroga na mwiko, ukipoa kiasi cha mkono kuvumilia kanda kwa nguvu mpaka ulainike. Maji lazima yawe moto kwa sababu mchele hauna ule mnato wa ngano, ni moto ndo unaoivisha wanga kidogo ukashikana, ukitumia maji baridi ganda litapasuka lote. Funika na kitambaa kibichi upumzike. Huku nyuma kaanga ufuta bila mafuta mpaka unukie, utwange nusunusu, uchanganye na chaku iliyoyeyushwa, sukari guru ya kwetu inafanya kazi vizuri tu, na mwenye nazi aikune aongezee. Pakaa mafuta mikononi, kata donge, choma kidole katikati ukiwa unalizungusha, kidole kinaingia ndani zaidi na ukuta unazidi kuwa mwembamba, unatokea kikombe kirefu chenye ncha chini. Jaza, usijaze mpaka mdomoni, bana juu, uufunge vizuri. Panga kwenye sufuria ya matundu iliyopakwa mafuta juu ya maji yanayochemka, funika, dakika 10 mpaka 15 zinang'aa, zimeiva. Ukila kuwa na subira, chaku ya ndani ina moto kuliko ganda. Wasiopenda tamu wanajaza dengu nyeusi zilizosagwa na viungo, na kuna za maziwa yaliyokaushwa, khuwa, lakini kwangu mimi hakuna inayoifikia ya chaku na ufuta, wala sibishani. Wazee wao wanasema chaku na ufuta vinapasha mwili, na bonde lile liko mita kama 1,400 juu ya bahari, Disemba usiku si mchezo.

Mdogo wangu anapofinyanga huwa anasimulia mwaka 2015. Tetemeko lilipiga tarehe 25 Aprili, likaua karibu watu 9,000 nchi nzima, Bhaktapur yao iliumia vibaya, nyumba za matofali za zamani zikalala chini. Afu miezi ya mwisho wa mwaka ule mizigo ikakwama kwenye mpaka wa Nepal na India, gesi ya kupikia ikawa adimu, watu wakarudia kuni. Kwao walipika yomari uani, ghala lilikuwa limeanguka, mama yake akaziweka juu ya magunia ndani ya kibanda cha mabati walichokuwa wanalala. Zile za kwanza hazikuliwa hata mwaka ule. Kila akifika hapo nyumba nzima tunanyamaza, kisha anaendelea kubana.

Na siku hizi mashamba yenyewe ya bonde yanaliwa na majengo, familia nyingi zinanunua mchele wa gunia dukani, ghala hakuna, yomari inawekwa kwenye ndoo ya mchele. Sisi huku tunafanya hivyohivyo, ndoo yetu iko chini ya kaunta, na yomari mbili nzuri kuliko zote ziko humo tangu asubuhi. Mimi mila hii si yangu na sala zake si zangu, lakini kumshukuru aliyesimama kwenye matope ili mimi nile, hilo nalifanya kwa moyo wote.

Kwa hiyo leo ukikutana na Mnepali wa Kinewar, mlinzi wa jengo lako, mwenzako wa zamu, muuguzi hospitalini, mwambie Yomari Punhiya bhintuna, uone uso wake utakavyobadilika. Wengi wako mbali na mama zao usiku huu. Na walio karibu nasi karibuni, baada ya Isha sufuria bado litakuwa jikoni, watoto waje nao, waimbe chochote wanachokijua, watapewa.