Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Mtwara: tunaomba chumba kimoja

Ndugu Afisa Elimu wa Mkoa,

YAH: OMBI LA KITUO CHA MITIHANI YA KOMPYUTA MKOANI MTWARA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Sentensi hiyo nimeiandika miaka 31 nikiwa mwalimu wa fizikia, na leo naiandika nikiwa mstaafu, sina cheo ninachokiomba wala uhamisho ninaouogopa. Nimeiacha barua wazi kwa sababu jambo lenyewe si la mpwa wangu peke yake. Lakini nitaanza naye, maana kwetu kusini mjomba haulizwi kwa nini anamsemea mpwa.

Ijumaa ya tarehe 26 Aprili 2024 nchi ilikuwa inaadhimisha miaka 60 ya Muungano. Kijana wetu, kidato cha sita, kombi ya PCM (fizikia, kemia na hesabu), alikuwa ndani ya basi lililoondoka stendi ya Mkanaledi saa kumi na mbili asubuhi, daftari la kemia mapajani. Kesho yake alikuwa na mtihani wa mchujo wa kuingia chuo kimoja cha uhandisi nje ya nchi. Mtihani huo hufanywa kwenye kompyuta, na kituo alichopangiwa kilikuwa Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 550. Mtihani wa taifa wa Necta ulikuwa unaanza Jumatatu ya tarehe 6 Mei, yaani siku tisa baada ya huo wa mchujo.

Alishuka Mbagala usiku, akalala kwa shangazi yake, akaamka saa kumi alfajiri kwa kuogopa foleni. Jumapili akageuza. Jumatatu alikuwa kambini shuleni, amekosa pepa mbili za majaribio, na anatakiwa aeleze kwa maandishi alikuwa wapi. Wikiendi iliyofuata kikaja Kimbunga Hidaya, barabara ikakatika maeneo ya Somanga, mabasi na malori yakalala njiani. Tarehe ya mchujo ingesogea juma moja tu, mtoto angekuwa Somanga anahesabu malori wakati wenzake wanafungua karatasi ya kwanza ya Necta.

Gesi ya Madimba, hapahapa mkoani kwetu, inakwenda Dar es Salaam kwa bomba tangu 2015. Watoto wetu wanaifuata kwa basi. Samahani, hilo limenitoka tu, turudi kwenye mada.

Nimeichunguza mitihani hii kwa jicho la mwalimu. Unaojulikana zaidi ni wa India, JEE Main: hesabu, fizikia na kemia, maswali 25 kila somo, jumla 75, kwa saa 3. Jibu sahihi la kuchagua linakupa alama 4, la kosa linakunyang'anya 1. Gawanya mwenyewe: dakika mbili na sekunde 24 kwa swali. Karatasi ya kwanza ya hesabu za advansi aliyoifanya kijana wetu ilikuwa na maswali 10 kwa saa hizohizo 3, dakika 18 kwa swali, na msahihishaji anakupa alama kwa kila hatua hata kama jibu la mwisho limekwenda kombo. Hizi ni akili mbili tofauti. Mmoja unataka uonyeshe njia. Mwingine haujali umepita wapi, unataka ufike.

Nami kwa miaka 31 nilisimama ubaoni nikisema "onyesha njia, onyesha njia". Mpwa wangu aliponisimulia mtihani wake alisema kulikuwa na saa kwenye kona ya skrini inayohesabu kurudi nyuma, na kwamba kila akimaliza swali alikuwa anarudia kulipanga vizuri kwenye karatasi ya rafu, fomula, kuingiza namba, yuniti, mstari chini ya jibu. Karatasi ambayo hakuna atakayeisoma! Muda ulipoisha maswali 18 alikuwa hajayafungua kabisa. Hakupita. Necta alifaulu vizuri, sasa yuko chuo hapahapa nchini, hatulalamiki. Ila yale maswali 18 nayachukua mimi, sikumwekea hata mara moja mtihani wa kwenye skrini. Tulifanyia mazoezi kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka, tumeiegemeza kwenye chupa ya chai, na fizikia yenye michoro haisomeki pale.

Wahindi wenyewe wamelifikiria tatizo la mitihani miwili kwa mtoto mmoja. Watoto wao wanafanya mitihani ya bodi, ambayo ndiyo Necta yao, kuanzia Februari, na JEE Main hutolewa mara mbili, Januari na Aprili, aliyefanya zote mbili anahesabiwa alama iliyo bora. Mwaka 2022 tarehe zilipogongana na za bodi, zilisogezwa. Mitihani hii sasa imeshatukaribia. Chuo cha uhandisi cha India, IIT Madras, kilifungua tawi Zanzibar mwaka 2023, linafundisha sayansi ya data na akili unde, na kuingia pale ni kwa mtihani na usaili, divisheni wani peke yake haikufikishi. Wanaotaka kujaribu wataongezeka, na sitaki wa Newala na Tandahimba wawe wanasikia tu kwa wenzao.

Najua huna mamlaka juu ya tarehe za vyuo vya watu. Ninachoomba kipo ndani ya mkoa wako. Tunataka chumba kimoja, hapa mjini, chenye kompyuta 30 zinazofanya kazi, intaneti ya uhakika, jenereta na msimamizi ambaye ofisi yako inamdhamini, ili mkoa uviandikie vyuo na waendeshaji wa mitihani kwamba kituo kipo, waje wakikague. Bila barua ya mkoa hakuna atakayetusikiliza. Mimi nimeshajaribu kuandika kama mzazi, nikajibiwa kwa heshima kwamba nitazame orodha ya vituo.

Kompyuta si kwamba hazipo kabisa. Mwaka jana niliitwa shule moja, sitaitaja, kuwapa moyo wanafunzi wa sayansi. Nikaonyeshwa chumba cha kompyuta. Zilikuwa 22, kila moja imefunikwa kwa kipande cha kitenge kilichoshonwa vizuri kabisa, na vumbi la kitenge chenyewe lilikuwa linafutika kwa kidole. Ufunguo ulikuwa kwa mtu aliyekwenda msibani Masasi. Sikusema kitu, mgeni hasemi. Lakini nilihesabu.

Pamoja na chumba, naomba waraka mfupi kwa wakuu wa shule: mwanafunzi wa kidato cha sita mwenye mwaliko wa mtihani wa mchujo apewe ruhusa bila kuandikishwa maelezo, na pepa za kambi alizokosa afanyiwe baadaye. Na prepo moja kwa wiki, kuanzia Januari, iwe ya skrini kwa wanaotaka. Moja tu. Walimu wenzangu wataniambia inakula muda wa Necta. Hofu hiyo naielewa, wanapimwa kwa matokeo ya Necta. Lakini topiki ni zilezile, mwendo wa projekitili haubadiliki kwa kuwa umeulizwa kwenye kompyuta, na mtoto aliyezoea kulimaliza swali kwa dakika tatu hataumia akipewa 18.

Mdogo wake yule kijana, binti, yuko kidato cha tano sasa, PCM vilevile, na hesabu anamshinda kaka yake. Ameshaniuliza basi la Dar ni shilingi ngapi.

Jumamosi nipo huru. Nitasimamia mazoezi bila posho, nitakuja na maswali yangu, na hata ufagio. Nitafika ofisini kwako Jumanne ijayo saa mbili asubuhi na nakala ya barua hii iliyopigwa chapa, pamoja na orodha ya wanafunzi 14 kutoka shule nne ambao wameniambia wanataka kufanya mchujo mwakani. Usiponikuta foleni, nitakuwa chini ya mwembe nje.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Mikindani