Stika iko kioo cha mbele, giza liko nyuma

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu. Nimeendesha magari ya watu miaka 34, malori kwanza, mabasi baadaye. Sasa nimestaafu, nimebaki na Corolla yangu ya 1997 ambayo wajukuu wameibatiza jina la Bibi. Dukuduku lenyewe linahusu taa za nyuma, na itabidi nianze na aibu yangu.

Juzijuzi nilikuwa natoka Chalinze kurudi Morogoro, saa mbili na kitu usiku. Karibu na Mikese lori lililokuwa mbele yangu likapunguza mwendo, nami nikakanyaga breki. Mara nikasikia matairi yanalia nyuma yangu, halafu basi dogo likanipita kushoto, kwenye vumbi, likasimama mbele. Dereva akashuka. Nikajua leo natukanwa. Kijana yule akanipa shikamoo, akasema, "Mzee, hebu kanyaga breki mimi nitazame huku nyuma." Nikakanyaga. Akarudi dirishani taratibu. "Mzee wangu, kushoto hakuna kitu. Kulia inawaka kama kijinga cha moto kinachozimika." Na gari langu halina ile taa ya tatu ya breki kwenye kioo cha nyuma. Maana yake usiku ule nilikuwa natembea bila kumwambia mtu yeyote kwamba nasimama.

Wakati huohuo kwenye kioo cha mbele nina stika ya ukaguzi, haijapauka hata rangi. Aliyenibandikia aliulizia kizimia moto, akataka kuona pembetatu, akapiga tairi teke, akabandika. Nyuma ya gari hakufika. Wala mimi sikumwambia afike.

Si kwamba taa hizo nilikuwa sizihudumii. Ndani ya miezi michache nilikuwa nimebadilisha balbu ya kulia mara tatu. Kila nikienda kwa fundi anachomoa, anaweka mpya, inawaka, naondoka, na wiki mbili baadaye imefifia tena. Jirani aliwahi hata kuniambia kwamba nikiwasha indiketa usiku, taa nzima ya upande ule inacheza. Nikacheka. Kumbe gari lilikuwa linasema ugonjwa wake waziwazi.

Aliyeuona ni kijana mmoja fundi umeme wa magari huku Kihonda. Hakugusa balbu. Alichukua kipande cha waya, upande mmoja akaushika kwenye bodi, upande wa pili akaugusisha kwenye holda ya taa. Taa ikaruka ikang'aa kama ya gari jipya. "Mzee, ethi imekufa," akasema, yaani pale umeme wa taa unaporudi kwenye bodi ya gari. Akafunua zulia la buti, akafungua bolti moja ndogo kwa spana namba kumi. Chini yake kulikuwa na kutu ya rangi ya kahawa. Akapiga msasa mpaka bati likawa jeupe, akapaka grisi kidogo, akakaza. Halafu akaivua taa yenyewe, na maji yakamwagika kwenye viatu vyake. Sponji inayozuia maji kati ya taa na bodi ilikuwa imekauka inamomonyoka kama mkate wa juzi, na shaba ya kwenye holda imeota ukijani. Akabadilisha sponji, akasafisha holda. Nilipotaka azibe kila mahali kwa silikoni akakataa: kuna kitundu chini cha kutolea unyevu, ukikiziba umefuga samaki.

Kwa hiyo balbu tatu nilizotupa, pengine mbili zilikuwa nzima.

Tangu siku ile macho yangu hayatulii barabarani. Balbu ya taa ya nyuma mara nyingi ina nyuzi mbili, wati 5 ya kutembelea usiku na wati 21 ya breki, na vipini vyake viwili vya pembeni havikukaa kimo kimoja, makusudi ili iingie upande mmoja tu. Wapo wanaoilazimisha ikaingia kinyume. Gari la hivyo linatembea na mwanga wa breki safari nzima, na dereva akikanyaga breki huoni tofauti ya maana. Wengine wanachomeka balbu ya uzi mmoja kwenye holda ya nyuzi mbili, akikanyaga breki dashibodi nayo inawaka, anaona ni urembo. Kioo chekundu kikivunjika kinaachwa hivyo, mwanga mweupe unatoka nyuma, na wewe unayekuja kwa mbali unadhani ni bodaboda inakuja upande wako. Hao wanaopulizia taa rangi nyeusi ili gari lionekane la kijana sina la kuwaambia zaidi ya kwamba rangi hiyo inaua hata viakisi, vile vinavyorudisha mwanga wa gari linalokuja, vilivyomo ndani ya kile kioo, ambavyo ndivyo vinavyoliokoa gari likiharibika njiani na betri imekufa.

Ombi langu kwa wanaokagua: kabla ya kubandika stika, nenda nyuma ya gari, mwambie mwenye gari akanyage breki, awashe indiketa huku taa za usiku zinawaka. Ni nusu dakika. Kwa mafundi: taa ikififia, anzeni na ethi kabla ya kumuuzia mtu balbu. Na kwetu sisi wenye magari ya zamani, taa hizi anayeendesha hazioni.

Mimi sasa kabla ya safari ya usiku narudisha gari kinyumenyume mpaka karibu na ukuta wa jirani, nakanyaga breki na kutazama ukuta kwenye kioo. Ukuta ukiiva wekundu pande zote mbili, naondoka. Juzi mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake, tunawahi msiba Kilosa, akapaza sauti: "Kulia imelala!" Tukapanda basi.

Dereva mstaafu,
Kihonda, Morogoro