Waite kabla watoto hawajaingia

Kampala, Uganda

Mpendwa Mama Salma,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mvua imetuandama na nguo za watoto hazikauki. Barua yako imefika, na habari ya bweni la madrasa hapo Kisauni, Mombasa, imenifurahisha mno. Umeniuliza kama kuna haja ya kuwasumbua watu wa zimamoto na jengo lenyewe ni jipya. Dada yangu, haja ipo. Waite kabla hujaingiza hata godoro moja.

Kwenu Kenya kazi hiyo ni ya kaunti, katiba ya 2010 ndivyo ilivyoipanga. Kwetu Uganda zimamoto ni polisi. Wana kurugenzi yao ya zimamoto na uokoaji ndani ya Jeshi la Polisi, nasi tunawapata kwa 999 au 112. Watu huwalaumu kwamba wanachelewa, na mara nyingine kweli wanachelewa. Magari hayatoshi, na mtaani njia imejaa vibanda mpaka lori la maji halipiti. Lakini anayewajua kwa moto tu hajaiona nusu ya kazi yao.

Muhula uliopita walikuja kukagua bweni ninalolilea. Aliyewaongoza ni afande mwanamke, mpole wa maneno. Rangi mpya hakuitazama. Alikwenda dirishani, akazishika nondo, akazitikisa, kisha akamgeukia mwenye shule: "Mlango ukiwaka, mtoto atatokea wapi?" Mzee hakuwa na jibu. Wiki hiyo hiyo fundi akaja, akakata nondo za madirisha mawili na kuweka fremu yenye bawaba, inayofunguliwa kwa ndani bila ufunguo. Kufuli ya nje usiku ikapigwa marufuku.

Halafu akawageukia wasichana. Aliwafunga macho kwa leso, akawaambia watambae, kidevu karibu na sakafu, maana moshi hupanda juu na hewa ya kuvuta hubaki chini. Mlango uliofungwa uguswe kwanza kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, usifunguliwe, watafute njia nyingine. Wadogo waligonga vitanda, wakapotea, wakarudia tena na tena. Mwishowe hata wa darasa la kwanza akautafuta ukuta, akaufuata mpaka nje. Nililia, Mama Salma, sikuficha.

Nililia kwa sababu sisi tunajua. Shule ya msingi ya Budo, Aprili 2008, wasichana 19 waliteketea bwenini usiku. Oktoba 2022 ikawa Salama, kule Mukono, shule ya watoto wasioona, watu 11. Afande alizitaja zote mbili mbele ya walimu, na baada ya hapo hakuna aliyenung'unikia gharama za fundi.

Na si moto peke yake. Jaa la taka la Kiteezi lilipoporomoka juu ya nyumba za watu Agosti 2024, watu wa zimamoto walikuwa miongoni mwa waliofukua siku baada ya siku. Waliokufa walizidi 30. Ajali za barabarani pia huitwa wao, kumtoa mtu aliyebanwa ndani ya gari.

Basi nenda ofisi ya zimamoto ya kaunti, uombe wakaguzi waje. Waonyeshe jikoni, mtungi wa gesi utakapokaa, nyaya za umeme, na uwaulize lori lao litaingilia wapi, maana uchochoro wenu naukumbuka ni mwembamba. Wakuachie namba yao ya simu, uiandike ukutani kwa herufi kubwa. Watoto wakishaingia, waombe warudi kuwafundisha.

Shemeji naye mwambie asichomelee nondo za madirisha kwanza. Najua anawaogopa wezi, na ana haki. Fundi wetu alitengeneza fremu ambayo mwizi haifungui kwa nje. Nitamwomba anichoree, nikutumie kwa simu wiki ijayo.

Nibusie Salma na wadogo zake.

Nduguyo akupendaye,
Mama Hamisi