Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu, Prof Wangari na kile kiwanja cha watoto

Wanachama wenzangu, wazee wetu, kina mama na vijana, hamjambo. Katibu amenionya nisipitishe ukurasa mmoja kwa hivyo hesabu namwachia mweka hazina, mimi niseme tu miche tuliyopanda kando ya mto mvua za Aprili mingi imeshika, iliyokufa ni ile iliyoliwa na mbuzi na wenye mbuzi wanajijua.

Sasa mambo ya Prof. Kamati iliamua siku yetu ya kupanda miti iwe 25 Septemba, siku aliyofariki Wangari Maathai mwaka 2011, na kijana mmoja akaniuliza kwani huyu mama aliifanyia Nairobi nini, si alikuwa mtu wa miti ya huko Nyeri? Haiya! Kijana wangu, hiyo Uhuru Park mnapigia picha Krismasi tunayo kwa sababu yake. 1989 wakubwa wa KANU, chama tawala cha wakati ule, walitaka kusimamisha pale jumba la orofa 60 pamoja na sanamu ya Rais Moi, na enzi zile nani angesema kitu? Prof alishika kalamu. Akaandika kwa ofisi ya rais, akaandika kwa kamisheni ya jiji, akamwandikia mpaka balozi wa Uingereza akimuuliza kama wao wangekubali mjengo kama huo katikati ya Hyde Park. Bungeni wakamcheka eti genge la wanawake walioachika, Green Belt Movement, shirika lake la kupanda miti, ikafukuzwa ofisini ikahamia nyumbani kwake, lakini kelele zikawafikia wenye pesa wa nje, wakajitoa, na mradi ukafia hapo.

Karura nayo, ule msitu wa Nairobi uliokuwa unanyakuliwa, ilimtoa damu. Januari 1999 alienda na wenzake kupanda mti tu, wakavamiwa na walinzi, akapasuliwa kichwa, na alipofika kuandikisha taarifa kwa polisi akaitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Hapo ndio mimi huwa nanyamaza kidogo. Alikuwa hajapata hata Nobel, hiyo ilikuja 2004. Na mpaka mwisho alikataa mti ukatwe kwa ajili yake, jeneza lake lilisukwa kwa mianzi, mafunjo na gugumaji.

Nimeongea haya yote kwa sababu ya vile vigingi vyekundu vya kupimia ardhi vilivyotokea usiku kwa kiwanja cha watoto. Wengine wenu mmesema tungoje tuone kama mabati ya kukizungushia ua yatakuja. Mimi nakataa, mabati yakishasimama utaongea na nani, na Prof mwenyewe alianza kuuliza akisikia tu fununu. Barua yetu ya kwanza haijajibiwa, ya pili angalau imegongwa muhuri wa kupokelewa, na ya tatu iko tayari, inauliza mambo mawili tu: hicho kiwanja kimeandikwa jina la nani, na ni nani alikubali kipimwe.

Kopi ziko kwa katibu. Kila nyumba isome na itie sahihi kabla ya Jumamosi, na wapangaji pia wanahesabiwa, sijui nani alianza kusema hawahesabiwi. Mbuzi wafungwe.