Tuambieni maprofesa wetu wanatafiti nini

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nilipoanza kazi ya ualimu, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia. Habari yako ya Jumanne iliyopita kuhusu wanataaluma waliopandishwa vyeo katika vyuo vikuu vyetu, ile iliyochukua nusu ukurasa pamoja na picha za watu waliovaa majoho, imenifanya nivunje ukimya. Niliisoma mara mbili nikiwa na kalamu mkononi. Nilijua nani alikuwa mhadhiri mwandamizi na sasa ni profesa mshiriki, nani alichukua shahada ya uzamivu Uingereza na nani Ujerumani, nani aliwahi kuwa mkuu wa idara na kwa miaka mingapi. Watano kati yao ni watu wa sayansi na hisabati. Juu ya kazi yao niliambiwa kwamba mmoja "amebobea katika hisabati", mwingine ni "mtafiti mahiri wa kemia", na wote "wameandika makala nyingi". Mtu ametumia miaka ishirini ya maisha yake kulifuatilia jambo moja, gazeti limempa aya nzima, na jambo lenyewe halikutajwa.

Nimefundisha hisabati na fizikia katika shule za sekondari kwa miaka 31. Swali nililoulizwa kila mwaka, tena na wanafunzi wazuri, ni hili: "Mwalimu, hisabati si ilishamalizika?" Watoto wetu wanaamini kwamba kila kilichokuwa cha kugunduliwa kilishagunduliwa na wazee wenye ndevu, na kwamba profesa wa hisabati ni mtu anayeweza kuzidisha namba kubwa kwa haraka. Siwalaumu, kwa sababu hawajawahi kusoma popote, kwa lugha wanayoizungumza, kwamba kuna Mtanzania ambaye leo hii ameamka na swali la hisabati ambalo hakuna mtu duniani anayelijua jibu lake.

Nikupe kisa kimoja nilichokishuhudia mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita, mwanamke niliyemfundisha kidato cha tano na cha sita, ambaye sasa ni profesa wa hisabati, alipangiwa kutoa mhadhara wake wa kwanza katika cheo hicho. Alinipigia simu mwenyewe: "Shikamoo mwalimu, nakuomba usikose." Nilipanda basi la alfajiri kutoka Iringa, nikafika Dar es Salaam jioni miguu ikiwa imevimba, na kesho yake nikakaa safu ya tatu. Alianza kwa kuchora visanduku vitatu ubaoni: watu wasio na malaria, watu wenye malaria, na mbu. Kisha akaeleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria pamoja na kuugua malaria mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mbu jike anapomuuma mgonjwa hawezi kumwambukiza mtu siku hiyohiyo. Vimelea vinahitaji siku 10 hivi, na zaidi kukiwa na baridi, ili vikomae ndani ya mwili wake na kufika kwenye tezi za mate. Mbu wengi hufa kabla ya hapo. Chukua basi mbu 100, akasema, na kila mmoja awe na uwezekano wa asilimia 90 wa kuimaliza siku akiwa hai. Baada ya siku 10 watakuwa wamebaki kama 35. Sasa shusha uwezekano huo uwe asilimia 80, na baada ya siku 10 watabaki 11 tu. Hiyo ndiyo sababu dawa inayomuua mbu mzima, ile iliyotiwa kwenye chandarua au iliyopuliziwa ukutani, ina nguvu kubwa kuliko macho yetu yanavyodhani: ule uwezekano wa kuishi siku moja unazidishwa kwa wenyewe mara kumi. Alitukumbusha kwamba Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kuonyesha kuwa malaria hupita kwa mbu, ndiye aliyeanza kuiandika malaria kwa milinganyo, na kwamba George Macdonald, katika miaka ya 1950, ndiye aliyeonyesha uzito wa umri wa mbu katika milinganyo hiyo. Halafu akageukia swali lake mwenyewe: hesabu hiyo inabadilikaje mahali ambapo mbu huzaliwa kwa wingi msimu wa mvua na karibu kutoweka kiangazi? Aliandika ubao mzima, akafuta, akaandika tena.

Waandishi wa habari walikuwa watatu. Walikaa mbele wakati mgeni rasmi akisoma hotuba yake ya dakika arobaini, na alipoinuka kuondoka kwa sababu ya majukumu mengine, nao waliinuka na kamera zao na kupita mbele ya mwanafunzi wangu akiwa tayari ameshika chaki. Hakuna hata mmoja aliyeuona ubao ule. Kesho yake nilinunua gazeti moja kituo cha mabasi. Kichwa cha habari kilisema kwamba wasichana wameaswa kupenda sayansi. Picha ilikuwa ya mgeni rasmi. Profesa alitajwa katika aya ya sita, akiitwa Dokta, na jina lake la pili lilikosewa. Mbu hawakutajwa kabisa. Msichana wa kidato cha pili aliyeisoma habari ile aliambiwa aipende sayansi, kisha akanyimwa sayansi ya mwanamke aliyesimama ukumbini siku hiyo akiieleza kwa chaki na kwa Kiswahili cha kueleweka. Naandika haya na mkono unanitetemeka, kwa sababu nilimwona mwanafunzi wangu akilisoma gazeti lile, akalikunja taratibu mara mbili na kuliweka kwenye mkoba bila kusema neno. Wala asiniambie mtu kwamba wasomaji wasingeelewa. Niliporudi Iringa nilimwonyesha jirani yangu, fundi cherehani aliyeishia darasa la saba, hesabu ya mbu 35 na mbu 11. Aliielewa kabla chai haijapoa, na swali aliloniuliza, kwamba itakuwaje mbu wakiizoea dawa, ni swali ambalo watafiti wanahangaika nalo mpaka sasa.

Ugonjwa huu si wa gazeti lako peke yake, na wala haukuanza jana. Kwa karibu miaka thelathini magazeti ya Kenya yaliandika neno "Profesa" mbele ya jina la George Saitoti. Wangapi walioambiwa kwamba uzamivu wake, alioupata Chuo Kikuu cha Warwick mwaka 1972, ulikuwa katika topolojia ya aljebra, yaani elimu ya zile sifa za maumbo zisizobadilika hata umbo likivutwa na kupindwa, mradi halikukatwa wala kutobolewa? Tulimjua kama waziri na makamu wa rais. Wangari Maathai tunamjua kwa miti, na anastahili, lakini mwaka 1971, alipokuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata uzamivu, kazi yake ilihusu jinsi viungo vya uzazi vya ng'ombe vinavyokua. Hapa kwetu Verdiana Masanja anatajwa, kila anapotajwa, kuwa ni Mtanzania wa kwanza mwanamke kuwa na uzamivu wa hisabati. Alichokitafiti Berlin katika miaka ya 1980 kilikuwa mtiririko, ndani ya bomba la mviringo, wa kimiminika kisichofuata tabia ya maji. Mama yeyote aliyewahi kukoroga uji mzito anajua kwamba hautiririki kama maji, na dawa ya meno nayo haitoki mpaka uibinye. Kueleza kwamba kuna hisabati ya jambo hilo, kwamba ni ngumu, na kwamba Mtanzania aliishughulikia, kungechukua mistari mitano.

Vyuo vyenyewe navyo havitusaidii. Mwaka jana kijana wa kidato cha sita, ambaye baba yake anafuga nyuki, alinijia akitaka kujua ni mhadhiri gani nchini anayechunguza jinsi nyuki wanavyoikumbuka njia ya kurudi mzingani. Tulikaa mbele ya kompyuta saa mbili nzima. Katika tovuti ya chuo kimoja tulikuta orodha ndefu ya majina na vyeo, na penye "maeneo ya utafiti" pameandikwa "zuolojia", kana kwamba mtu ameulizwa anakwenda wapi akajibu kwamba anasafiri. Barua pepe tuliyoandika ilirudi. Kijana huyo sasa anajaza fomu za kuomba chuo, na anachokijua kuhusu maisha ya mwanasayansi ni kwamba akitaka kubakizwa kufundisha lazima apate GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 3.8. Hilo wanalijua wote, tangu wiki ya kwanza. Na akishafika huko, akaonekana hodari maabara, tutampa ukuu wa idara, kisha kamati nne, kisha ofisi yenye katibu muhtasi, na swali lake la nyuki litabaki kwenye droo.

Naishi Iringa, na kila ninapopita Mkwawa humkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, aliweka maziwa ya moto kwenye friza kwa kuhofia kukosa nafasi, na maziwa yake yakaganda kuwa aisikrimu kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, ambayo wakati huo ilikuwa shule ya sekondari, alilirudia swali hilo mbele ya Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 makala ikatoka ikiwa na majina ya wote wawili. Wanafizikia bado wanabishana juu ya jambo hilo. Kisa hiki tunakijua, pamoja na kicheko cha darasa na maneno ya mwalimu, kwa sababu Mpemba na Osborne walikiandika wenyewe katika jarida la ualimu wa fizikia. Kama wangemngoja mwandishi wa habari, leo tungekuwa na picha ya mgeni akipokea maua.

Kwa hiyo naomba jambo moja, na nimelifikiria kwa undani. Kila Alhamisi, katika ukurasa unaotazamana na ratiba ya ligi, kwa sababu ndio unaofunguliwa na kila mtu, tenga safu moja ya maneno 400 kwa ajili ya mwanasayansi au mwanahisabati mmoja wa chuo chochote nchini, awe profesa au mhadhiri msaidizi. Aulizwe maswali matatu: ni jambo gani hulijui na unalitafuta, lilianzaje kwako, na wiki hii umefanya nini juu yake? Vyeo na vyuo alivyosoma visitajwe kabla ya aya ya nne. Picha isiwe ya joho. Iwe ya ubao wake, meza yake, shamba lake la majaribio au mtego wake wa mbu. Asipewe nafasi ya kujibu kwa Kiingereza kwa kisingizio kwamba maneno hayapo, maana Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilishatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990, na nakala yangu imechakaa kwa kutumiwa. Kabla haijachapishwa, habari isomwe na mwanafunzi wa kidato cha nne, na pale asipoelewa mwandishi arudi chuoni akaulize tena.

Kazi ya kumtafuta mwanafunzi huyo niachie mimi, bila malipo. Ninao wanne mtaani kwangu wanaokuja kila Jumamosi kufanya mazoezi ya hisabati barazani, na nimeshazungumza na wazazi wao. Wa kwanza kuulizwa namwomba awe mtu wa nyuki, kama yupo, kabla yule kijana hajamaliza kujaza fomu zake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa hisabati na fizikia,
Iringa